Namna ya Kuandika Habari ya Udukuzi Kabla Chai Haijapoa

Mhariri amepita mezani kwako. Kuna kampuni kubwa imedukuliwa huko ughaibuni, na anataka maneno 600 kabla ya saa kumi jioni. Wewe mpaka juzi ulikuwa dawati la michezo. Usihangaike. Katika udukuzi, kutojua kitu hakujawahi kumzuia mtu kuandika. Nimekukusanyia hapa kanuni tisa za kukuvusha. Nyingi zimekwisha kujaribiwa na vyombo vya habari vyenye majina makubwa, na matokeo yake yamo kwenye kumbukumbu.

Kanuni ya 1: Anza na picha, habari itafuata

Maktaba ya picha ya kila chombo cha habari ina kijana aliyevaa sweta lenye kofia. Uso hauonekani, vidole viko juu ya kibodi, na mbele yake tarakimu za kijani zinateremka. Hakuna ajuaye kwa nini kijana huyu huvaa kofia ndani ya nyumba, wala kwa nini hajawahi kuwasha taa. Itumie hiyo hiyo.

Usithubutu kuweka picha ya kitu halisi, maana vitu halisi vya habari hizi vinachosha: faili la sasisho, saini ya kidijitali, barua pepe ya adabu inayosema "nimerekebisha ile dosari, naomba uipitie." Baadhi ya mashambulizi mabaya kabisa ya miaka ya karibuni yalipita humo humo. Lakini adabu haiuzi gazeti.

Kanuni ya 2: Kati ya namba mbili, chukua kubwa

Kila tukio la udukuzi lina idadi ya waliokuwa hatarini na idadi ya walioingiliwa kweli. Ya kwanza ipandishe kwenye kichwa cha habari. Ya pili isahau.

Desemba 2020 ilifichuka kwamba wadukuzi wameingia katika mitambo ambamo kampuni ya Marekani, SolarWinds, ilikuwa ikijengea programu zake, wakachomeka msimbo wao ndani ya masasisho ya programu iitwayo Orion. Namba iliyozunguka dunia ilikuwa 18,000, yaani wateja waliopokea masasisho yale. Februari 2021 Ikulu ya Marekani ikataja walioingiliwa hasa: taasisi 9 za serikali kuu na kampuni zipatazo 100. Wadukuzi walikuwa na milango 18,000 mikononi, wakaifungua michache waliyoitaka. Adui mwenye subira na orodha ndiye aliyekuwa habari yenyewe.

Ukilieleza hilo, itakubidi ueleze pia jinsi sasisho lenye saini halali ya kampuni, lililopakuliwa na wateja watiifu waliofuata ushauri wa kusasisha programu zao, lilivyomwingiza adui ndani. Na msomaji atakuuliza lilivyogunduliwa. Utalazimika kusema kwamba kampuni ya usalama ya FireEye, ambayo nayo ilikuwa imeingiliwa, iliona akaunti ya mfanyakazi wake mmoja imesajiliwa simu ya pili. Wakampigia kumuuliza kama ni yake. Akasema siyo. Simu moja ya kumuuliza mwenye akaunti, basi. Hakuna kofia, hakuna tarakimu za kijani. Andika "Maelfu Wadukuliwa", ukanywe chai yako.

Kanuni ya 3: Muulize muuza kufuli kama kuna wezi

Mtafiti wa chuo kikuu atakujibu "inategemea", na "inategemea" haiwekwi kwenye kichwa cha habari. Kampuni zinazouza ulinzi, kwa upande mwingine, zina afisa uhusiano anayepokea simu saa sita usiku, na michoro ya rangi iko tayari.

Mwishoni mwa Januari 2024 gazeti la Uswisi, Aargauer Zeitung, liliandika kwamba miswaki ya umeme milioni 3 imeambukizwa na wadukuzi na kutumiwa kuishambulia tovuti ya kampuni moja ya nchi hiyo mpaka ikazimika kwa saa nne. Chanzo kilikuwa kampuni ya usalama ya Fortinet. Haukupita muda, miswaki ikaenea katika magazeti ya lugha nyingine. Waliorudia habari hawakuuliza ni kampuni gani iliyoshambuliwa, wala ni miswaki ya nani. Hawakuuliza hata swali la mtoto wa darasa la tano: mswaki unaifikiaje intaneti, wakati kwa kawaida huzungumza na simu ya mwenyewe tu kwa Bluetooth?

Wataalamu walipouliza, Fortinet ikasema ule ulikuwa mfano wa kuelezea aina ya shambulio, haukutokana na utafiti wake. Gazeti likajibu kwamba liliambiwa ni tukio la kweli, na kwamba kampuni ilipewa andiko ilipitie kabla halijachapwa. Miswaki yenyewe haikupatikana kutoa maoni.

Kanuni ya 4: Mtaje adui kabla ushahidi haujafika

Msomaji hapendi kusubiri. Chagua nchi kati ya nne zinazotajwa siku zote, uongeze "inaaminika" mbele yake. Neno "inaaminika" halimlazimu mtu kusema ni nani anayeamini.

Julai 2023 mfumo wa eCitizen, ambao Serikali ya Kenya ilikuwa imeufanya mlango mmoja wa huduma zaidi ya 5,000, ulizidiwa na mafuriko ya maombi bandia. Watu wakakwama na viza, leseni za udereva, hata tiketi za treni. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ndilo lililofanya, tena limeiba data za pasipoti. Waziri Eliud Owalo akakiri shambulio, akakanusha kwamba data imepotea. Mfumo kuzidiwa na maombi ni jambo moja na data kuibwa ni jingine kabisa, ila kwako yote yawe "kudukuliwa". Nafasi ni ndogo.

Wachambuzi kadhaa walikuwa wamekwisha kuandika kwamba jina hilo la Sudan ni kivuli cha Urusi. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani wakatangaza kesi dhidi ya washukiwa wa uongozi wa kundi lile: ndugu wawili, raia wa Sudan. Lakini nani hukumbuka alichosoma miezi 15 iliyopita?

Kanuni ya 5: Akikosekana mdukuzi, yupo mwanafunzi wa mafunzo kazini

Habari inahitaji mkosaji mwenye ukubwa wa kumbebesha mzigo asirudishe neno. Katika sakata lile lile la SolarWinds ilibainika kwamba nywila ya seva mojawapo ya kampuni, "solarwinds123", ilikuwa imeachwa wazi kwenye mtandao, na mtafiti mmoja aliwatahadharisha Novemba 2019. Wakubwa wa kampuni walipohojiwa na wabunge wa Marekani Februari 2021, wakasema lilikuwa kosa la mwanafunzi wa mafunzo.

Hakuna uthibitisho uliotolewa hadharani kwamba wadukuzi walipita kwa nywila ile. Hilo lisikusumbue. Nywila ya kuchekesha ina nguvu kuliko maelezo ya mitambo ya ujenzi wa programu, na mwanafunzi hana wakili. Swali la nani alimpa mwanafunzi uwezo huo, na kwa nini hapakuwa na mtu wa kumkagua, ni la watu wenye muda.

Kanuni ya 6: Usimwandike anayefanya kazi bure

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, kwa hiyo nenda polepole.

Programu ya leo haiandikwi yote na kampuni ambayo nembo yake iko kwenye skrini. Kampuni huandika sehemu yake, kisha huchukua vipande vingine, mara nyingi mamia, kutoka kwa watu wanaovitoa bure. Watu hao nao wametegemea vipande vya wengine. Huo ndio mnyororo wa ugavi wa programu. Wengi waliomo hawana ofisi, hawana ujira wa kazi hiyo, na kwa hakika hawana afisa uhusiano. Ukianza kuwaandika utajikuta unaandika habari ya kazi na malipo, na mhariri atakuuliza mdukuzi yuko wapi.

Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aligombana na wasimamizi wa npm, hifadhi kubwa ya vipande vya JavaScript, kwa sababu ya jina la kifurushi. Kwa hasira akaviondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Watengenezaji programu duniani kote wakakwama kwa saa kadhaa, wengi wao wakiwa hawajui kwamba wanakitegemea, mpaka wasimamizi wakakirudisha. Hapo hapakuwa na adui yeyote. Palikuwa na mtu mmoja aliyekasirika.

Kisa cha xz kitakupa shida zaidi, kwa sababu ni kizuri mno. Hii ni programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila seva ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, kwa muda wake wa ziada na bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho, na yalikuwa marekebisho mazuri. Mwaka 2022 zikaja barua za majina ambayo hayakuwa na historia mahali pengine, zikilalamika kwamba Collin anachelewesha mambo, kwamba mradi unataka mtu mpya. Collin akawakumbusha kuwa ile ni kazi ya kujitolea. Hatimaye Jia Tan akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo.

Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake umefichwa mlango wa nyuma. Mwenye ufunguo wake angeweza kuingia katika seva kupitia SSH, njia ileile ambayo wasimamizi wa mitambo huitumia kuifikia seva wakiwa mbali. Msimbo wenyewe ulifichwa katika mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Kiungo cha kuuamsha hakikuwemo katika msimbo uliowekwa hadharani. Kilichomekwa katika kifurushi kilichofungwa kwa ajili ya kusambazwa. Kwa hiyo hata aliyeusoma msimbo wa hadharani mstari kwa mstari asingekiona kiungo hicho.

Aliyeshtuka ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanyia kazi hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya mambo mengine, akaona kuingia kwa SSH kunachukua nusu sekunde zaidi. Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea na yetu. Yeye akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akatangaza alichokikuta. Matoleo yale yalikuwa yamefika katika Linux za majaribio na chache zinazosasishwa mfululizo; hayakuwa yameingia katika matoleo imara ambayo seva nyingi huendeshwa nayo. Mpaka leo haijulikani Jia Tan ni nani, wala kama ni mtu mmoja.

Sasa ona balaa lake kwa mwandishi. Hakuna hasara ya fedha ya kutaja. Shujaa ni mtu aliyekuwa akipima kasi. Aliyelengwa ni mtu mmoja aliyebeba mzigo ambao kampuni zenye mabilioni ziliutegemea bila kuuliza anaubebaje. Silaha iliyotumika ni uchovu wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema nguo yenyewe imeshonwa bure na mtu usiyemjua. Andika "Microsoft Yaiokoa Intaneti", upite haraka.

Kanuni ya 7: Neno "vita" litumie bila hesabu

Tarehe 27 Juni 2017 wadukuzi walitumia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi iliyokuwa ikitumiwa na kampuni nyingi za Ukraine, kueneza virusi vilivyopewa jina la NotPetya. Vilijifanya vya kudai fidia. Ukilipa hupati kitu, kwa kuwa vilitengenezwa kuharibu. Kampuni ya meli ya Maersk, kampuni ya dawa ya Merck na nyingine nyingi za kimataifa ziliumia, na Ikulu ya Marekani ilikadiria hasara yote kuwa dola bilioni 10. Februari 2018 Marekani na Uingereza zikalinyooshea kidole hadharani jeshi la Urusi.

"Vita vya mtandaoni," tukaandika sote, na lilipendeza. Merck ilipokwenda kudai bima, takriban dola bilioni 1.4, wenye bima wakajibu kwamba mikataba yao haifidii vitendo vya vita. Ikabidi mahakama za New Jersey ziamue kama ile ilikuwa vita, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikasema kifungu cha vita hakihusiki hapo. Mwandishi hulipata neno hilo bure. Wenzake wamelipia mawakili miaka kadhaa.

Na tafadhali usimwige Andy Greenberg wa jarida la Wired, aliyewatafuta wafanyakazi wenyewe wa Maersk. Alichorudi nacho ni hiki: mashine zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao katika mtandao wa kampuni zilifutwa dunia nzima, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla virusi havijaifikia. Intaneti ya huko ilikuwa ndogo mno kuituma data ile, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja wao akasafiri hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege, naye akapanda nayo kwenda London. Kampuni yenye meli bahari zote iliokolewa na kukatika kwa umeme Afrika Magharibi! Ila habari ya namna hiyo hudai simu nyingi na subira, na wewe una mpaka saa kumi.

Kanuni ya 8: Ukikosolewa, nyamaza

Oktoba 2018 Bloomberg Businessweek liliandika kwamba vipande vidogo kama punje ya mchele vilipandikizwa na wapelelezi wa China katika bodi za kompyuta za kampuni ya Supermicro, na kwamba kampuni zipatazo 30 ziliathirika, zikiwemo Apple na Amazon. Zote tatu zilizotajwa zilikanusha kwa maneno makali. Vyombo vya usalama vya Marekani na Uingereza vikasema havina sababu ya kutilia shaka makanusho hayo. Hisa za Supermicro zilianguka kwa zaidi ya asilimia 40 siku ile. Hakuna bodi hata moja iliyopandikizwa ambayo imeonyeshwa hadharani, na habari haijafutwa.

Umeona? Masahihisho ni ya habari za mazishi na alama za mpira. Katika udukuzi, ukisema "tunasimama na habari yetu" kwa sauti nzito, itaeleweka kwamba una siri.

Kanuni ya 9: Usirudi nyuma kuangalia

Desemba 2021 dunia ilitetemeka kwa dosari ya Log4j, kipande cha programu za Java kinachoandika kumbukumbu za matukio, nacho kinatunzwa na watu wa kujitolea. Kila gazeti lilikuwa nayo kwa wiki mbili. Julai 2022 bodi ya Marekani ya kuchunguza matukio ya mtandaoni ikaripoti kwamba seva zenye dosari hiyo huenda zikabaki kwa miaka 10 au zaidi. Hapo waandishi wengi walikuwa wamekwisha hamia tukio jingine. Fanya hivyo hivyo. Hatari iliyozoeleka si habari, hata kama imo katika mfumo unaolipia umeme wako.

Kwa watakaoshindwa

Wapo wachache ambao kanuni hizi zitawakaa vibaya. Kwao nina maneno yasiyo na mzaha.

Ukiambiwa kuna shambulio la mnyororo wa ugavi, uliza kipande kilichoharibiwa kinatunzwa na nani na analipwa na nani. Uliza sasisho lilijengwa wapi na nani alilitia saini. Tenganisha waliolipakua na walioingiliwa, na kama hesabu ya pili haijapatikana, waambie wasomaji hivyo. Mtafute mtu mmoja mwenye ujuzi na asiyeuza kitu, umwombe akueleze ushahidi unaonyesha nini na unaishia wapi. Uliza pia taasisi za nyumbani, benki, hospitali na mamlaka ya kodi, kama zina orodha ya vipande vilivyomo ndani ya programu zao. Jibu lolote utakalopata hapo ni habari, hata likiwa kimya.

Zaidi ya yote, mfikirie msomaji wako. Akisoma kwamba sasisho lilikuwa mlango wa wezi, halafu ukamwacha hapo, ataacha kusasisha simu yake, nawe utakuwa umemweka wazi kwa wadukuzi wa kila siku wanaopita katika dosari ambazo marekebisho yake yalikwisha kutolewa zamani. Mwambie aendelee kusasisha, na umweleze kwa nini.

Nawe mhariri, mpe mwandishi wako siku mbili na namba ya simu ya mtu ambaye kazi yake ni kuandika programu. Ni rahisi kuliko kuchapa masahihisho.